Mtoto aliye chini ya miaka mitatu alelewe wapi: makao ya watoto au familia ya kambo?

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa,

Kila tunapochangishana kwa ajili ya makao ya watoto, mazungumzo yetu huishia kwenye maziwa ya kopo, nepi, magodoro na rangi ya kuta. Ni nadra mmoja wetu kuuliza kama mtoto wa miezi minane alistahili kuwekwa pale tangu mwanzo. Nimeanzisha uzi huu ili swali hilo lijadiliwe kwa kina, na msimamo wangu nautanguliza ili anayepinga ajue pa kunishika: mtoto aliye chini ya miaka mitatu hapaswi kulelewa katika makao, hata yawe safi na yenye watumishi wenye huruma kiasi gani, maadamu familia inaweza kupatikana, na familia ya kambo iliyokabidhiwa mtoto kisha ikaachwa bila posho, mafunzo wala ufuatiliaji, nayo haitamfaa. Naomba pande hizi mbili za hoja zisomwe kwa pamoja.

Kwa malezi ya kambo nakusudia utaratibu ambao familia iliyochunguzwa na kuidhinishwa na ustawi wa jamii inamchukua mtoto na kuishi naye wakati hatima yake inaendelea kuamuliwa: arudi kwa wazazi, aende kwa ndugu, au aasiliwe. Kuasili ni jambo jingine, kwa kuwa huko mtoto anakuwa wa familia mpya kisheria.

Tuingie kwanza chumbani. Chukua chumba chenye watoto wachanga kumi na wawili na walezi wawili wa zamu ya mchana. Saa ya maziwa ikifika, kila mlezi anambeba mtoto mmoja na kumlisha huku wengine wakisubiri, na yule anayelia kupita wenzake huegemezewa chupa kwenye mto ili anywe mwenyewe. Jioni zamu inabadilika na daftari linakabidhiwa. Ukilifungua daftari hilo utakuta kila mtoto amekunywa maziwa kiasi gani, joto lake la mwili lilikuwa ngapi, amebadilishwa nepi mara ngapi na amepewa dawa gani. Hutakuta safu inayoonyesha ni nani aliyembeba leo, wala kama huyo ndiye aliyembeba jana. Walezi hawana kosa hapo, kwani wanajaza kile walichoagizwa kujaza, lakini kwa mtoto wa umri huo kitu kilichokosekana daftarini ndicho kikubwa kuliko vyote vilivyoandikwa.

Mtoto mchanga hujifunza dunia kupitia uso wa mtu mmoja au wawili anaowazoea. Analia, mtu yule yule anakuja. Anatabasamu, uso ule ule unamjibu. Anatoa sauti, sauti ile ile inamrudia. Mabadilishano hayo madogo, yanayojirudia mara nyingi kila siku, ndiyo yanayojenga lugha, utulivu wa moyo na uwezo wa kumwamini mtu. Mtoto ambaye kilio chake hakijibiwi hufika mahali akaacha kulia, na wageni wanaotembelea makao huusifu utulivu wa chumba hicho bila kujua wanachokisifu. Vivyo hivyo, mtoto wa miaka miwili anayemkimbilia kila mgeni na kunyoosha mikono abebwe hudhaniwa kuwa ana upendo mwingi, ilhali mtoto wa umri huo mwenye mtu wake kwa kawaida humtazama kwanza mtu huyo kabla ya kumsogelea asiyemfahamu.

Haya yamejulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1945 daktari René Spitz aliandika kuhusu watoto wachanga waliokuwa katika nyumba ya watoto waliotelekezwa, akiwalinganisha na watoto waliokuwa wakilelewa na mama zao ndani ya gereza. Wale wa gerezani, ambao mama zao waliwashika kila siku, walikua vizuri, lakini wale wa nyumba ya watoto, waliotunzwa kwa usafi mkubwa, walidumaa na vifo kati yao vilikuwa vingi. Mwaka 1951 John Bowlby, daktari wa magonjwa ya akili wa Uingereza, aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti iliyosisitiza kwamba mtoto mdogo anahitaji uhusiano wa karibu na usiokatika na mama yake, au na mtu mmoja anayeshika nafasi ya mama.

Utafiti ulionigusa zaidi katika historia hiyo ni ule wa Barbara Tizard na wenzake katika makao ya watoto wadogo ya London. Nauleta kwa sababu unaondoa kisingizio cha umaskini. Makao hayo yalikuwa na vitabu, midoli na watumishi wa kutosha, na watoto hawakuwa nyuma kiakili. Hata hivyo, watumishi walikatazwa kuwa karibu mno na mtoto fulani, na wafanyakazi walikuja na kuondoka. Kufikia umri wa miaka minne, mtoto wa kawaida alikuwa amepita mikononi mwa walezi wapatao 50. Wengi wa watoto hao hawakuwa na mtu waliyeshikamana naye kwa dhati. Kwa hiyo anayesema tatizo litaisha tukiongeza bajeti ya makao ajibu swali hili la London: bajeti ilikuwepo, mbona mtoto hakuwa na mtu?

Ushahidi mzito kuliko wote umetoka Romania. Chini ya Nicolae Ceaușescu, mtawala wa nchi hiyo, utoaji mimba ulipigwa marufuku mwaka 1966 ili idadi ya watu iongezeke, na familia zilizoshindwa kulea zilizoea kuyakabidhi makao ya serikali watoto wao. Utawala ulipoanguka mwaka 1989, dunia ilikuta zaidi ya watoto 100,000 wakiishi humo. Miaka zaidi ya kumi baadaye, watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah walianza kazi yao mjini Bucharest. Waliwachukua watoto 136 kutoka makao sita, wenye umri wa miezi 6 hadi 31, wakawagawa kwa kura: 68 wakapelekwa kwa familia za kambo zilizoandaliwa na mradi, na 68 wakabaki katika utaratibu wa kawaida. Pembeni waliwafuatilia watoto wengine 72 waliokuwa wakiishi na wazazi wao na ambao hawakuwahi kuwekwa katika makao.

Najua kura hiyo inashtua, na mimi ilinishtua niliposoma mara ya kwanza. Ni haki kueleza kwamba wakati huo mjini Bucharest malezi ya kambo yalikuwa karibu hayapo, kwamba mradi wenyewe ndio uliotafuta familia 56 za kuwapokea watoto, na kwamba hakuna mtoto aliyezuiwa kutoka katika makao kwa ajili ya utafiti: ndugu, mzazi au familia nyingine ikipatikana, aliondoka. Umuhimu wa kura ni kwamba hakuna anayeweza kudai kuwa waliopelekwa kwenye familia walikuwa tangu awali ndio wenye afya au wachangamfu zaidi.

Walipopimwa uwezo wa akili wakiwa na miezi 42, wale waliobaki katika utaratibu wa makao walipata wastani wa alama 77, waliokwenda kwa familia za kambo 86, na wale wa nyumbani 103. Ndani ya kundi la kambo, tofauti ya umri wa kuhamishwa ilikuwa kubwa: waliohamishwa kabla ya miezi 18 walifikia wastani wa 94, waliohamishwa baada ya miezi 24 walibaki karibu na 80. Mshikamano wa mtoto na mlezi na hata mawimbi ya umeme ya ubongo vilifuata mwelekeo huo huo, hasa kwa waliotoka kabla ya miaka miwili. Huzuni na wasiwasi vilipungua kwa waliopata familia, ingawa tatizo la kutotulia na kushindwa kuzingatia halikupona kwa kiwango hicho. Walipofuatiliwa hadi umri wa miaka 18, faida ya kiakili ya malezi ya kambo ilikuwa bado inaonekana, hasa kwa wale ambao hawakuhamishwahamishwa.

Maana yake kwa sisi tunaoshughulika na watoto hawa ni kwamba muda unahesabiwa kwa miezi. Shauri la mtoto linapoahirishwa kwa miezi sita kwa sababu faili halijasainiwa, au kwa sababu ripoti ya uchunguzi wa jamii haijaandikwa, kwa mtu mzima hiyo ni karaha ya ofisi. Kwa mtoto wa mwaka mmoja ni nusu ya maisha yake. Kundi la Michael Rutter, lililowafuatilia watoto wa Romania walioasiliwa na familia za Uingereza, lilikuta kwamba waliokaa katika makao chini ya miezi sita walikua bila tofauti kubwa na watoto wengine, ilhali miongoni mwa waliozidisha miezi hiyo wengi walibaki na matatizo yaliyoendelea hadi utu uzima, japo walipendwa na kutunzwa vizuri sana.

Nakaribisha michango, hasa ya wanaofanya kazi ndani ya makao.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mwanzisha uzi, mimi ni mlezi wa zamu katika makao, na nimeyasoma maneno yako nikiwa na uchungu kidogo. Unaeleza chumba chetu kana kwamba tunaokaa humo hatuoni. Tunaona. Kila mmoja wetu anaye mtoto anayemtambua kwa sauti ya kikohozi chake usiku. Lakini nawaona pia watoto wanaoletwa kwetu wakitoka katika familia: mwenye majeraha ya moto, mwenye utapiamlo, aliyefungiwa ndani siku nzima. Na nimempokea mtoto aliyepelekwa kwa familia ya kambo akarudishwa, akapelekwa kwa nyingine, akarudishwa tena. Aliporudi safari ya pili hakuniangalia usoni. Unaposema familia ni bora kuliko makao, unasema familia ipi? Na kama makao yangekuwa na watoto wachache na walezi wasiobadilika, bado ungeyakataa?

Mwanzisha uzi

Dada, nakushukuru, na uchungu wako naupokea. Mtoto uliyemweleza, aliyerudishwa safari mbili, ndiye aliyenifanya niandike ile nusu ya pili ya msimamo wangu. Kuhamishwa kutoka familia hadi familia ni kumfundisha mtoto kwamba kila anayemzoea ataondoka. Familia za Bucharest hazikukabidhiwa mtoto na kuachwa. Zililipwa, zilitembelewa mara kwa mara na maafisa wa ustawi waliofunzwa, na zilikuwa na mtu wa kumpigia simu mtoto anapokataa kulala au anapojigonga kichwa ukutani. Mlezi wa kambo asiyeambiwa mapema kwamba mtoto aliyetoka makao anaweza kumkataa kwa wiki nyingi, kuficha chakula au kutolia anapoumia, atadhani mtoto hampendi, na hapo ndipo anapomrudisha.

Kuna mafunzo yaliyobuniwa na Mary Dozier wa Chuo Kikuu cha Delaware kwa ajili hiyo hasa: vikao 10 vinavyofanyika nyumbani kwa mlezi, ambapo anafundishwa kumfariji mtoto hata pale mtoto anapojifanya hahitaji kufarijiwa. Nikiulizwa fedha za wafadhili ziende wapi, nitataja kazi ya namna hiyo kabla ya kutaja jengo jipya.

Ama swali lako la makao yenye watoto wachache na walezi wasiobadilika, umegusa jambo lililokwisha jaribiwa. Mjini St. Petersburg, nchini Urusi, watafiti wa huko na wa Marekani walifanya kazi katika makao matatu ya watoto wadogo. Katika moja walezi walipewa mafunzo, na zaidi ya hapo vikundi vikapunguzwa na kila kikundi kikapewa walezi wake wa kudumu. La pili lilipata mafunzo peke yake, na la tatu halikubadilishwa. Watoto wa makao ya kwanza waliendelea vizuri zaidi kimwili, kiakili na kihisia, wakiwemo wenye ulemavu. Matokeo hayo, yaliyotolewa mwaka 2008, yanaonyesha kwamba mengi yanawezekana ndani ya makao leo hii kwa kuwafunza walezi, kupunguza vikundi na kubadilisha ratiba ya zamu. Kwa hiyo sikatai kuyaboresha, kwa kuwa mtoto aliyemo sasa hawezi kusubiri mfumo mzima ubadilike. Ninachokataa ni kuyafanya maboresho hayo kuwa sababu ya kuendelea kupokea watoto wachanga.

Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala ya mwaka 2009 imelieleza hili kwa tahadhari: walio chini ya miaka mitatu walelewe katika mazingira ya kifamilia, isipokuwa pale inapolazimu kwa dharura au ili ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe, na iwe kwa muda mfupi wenye mwisho uliopangwa. Watoto uliowataja, wa majeraha na utapiamlo, walihitaji kuondolewa walipokuwa, na hapo nakuunga mkono kabisa. Wengine wengi wanaoletwa wana mzazi aliye hai ambaye tatizo lake ni umaskini au ugonjwa, na kwao swali la kwanza lingekuwa ni kwa msaada gani wangeweza kubaki nyumbani.

Mchangiaji wa pili

Napenda kuongeza ushahidi unaokwenda kinyume na uzi huu, ili mjadala usiegemee upande mmoja. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika nchi 5, yaani Kambodia, Ethiopia, India, Kenya na Tanzania, ukiwahusu watoto yatima na waliotelekezwa wenye umri wa miaka 6 hadi 12. Afya, akili na hali ya kihisia ya waliokuwa katika makao havikuwa vibaya kuliko vya waliokuwa wakiishi katika familia ndani ya jamii. Unalisemeaje hilo?

Mwanzisha uzi

Ni utafiti wa kuheshimiwa, na anayetaka makao yote ya rika zote yafungwe mwakani anapaswa kuusoma. Mimi natoa mambo mawili. Kwanza, haukuhusu watoto wachanga, na hoja yangu yote imesimama kwenye miaka mitatu ya mwanzo, ambapo mtoto hana namna ya kujitafutia mtu wa karibu. Mtoto wa miaka tisa anaweza kuwa na rafiki, mwalimu na kumbukumbu za aliyemlea, vitu ambavyo wa miezi tisa hana. Pili, familia zilizolinganishwa hapo kwa sehemu kubwa zilikuwa za ndugu waliobeba mzigo huo kwa uwezo wao wenyewe, wala hazikuwa familia za kambo zilizofunzwa na kulipwa. Ukizilinganisha familia zilizoelemewa na makao yenye chakula na shule, si ajabu zikatoshana, na kwangu hiyo ni sababu ya kuzisaidia familia hizo. Pale walipolinganishwa kwa wingi, katika uchambuzi uliokusanya tafiti 75 kutoka nchi 19, watoto wa makao walikuwa na wastani wa alama za akili 84 na wa familia 104.

Mchangiaji wa tatu

Mimi na mume wangu tumeidhinishwa kuwa walezi wa kambo, na tumearifiwa kuwa kuna mtoto wa miezi kumi na minne. Hofu yangu ni moja: nikimpenda kama wangu, halafu baada ya mwaka akarudishwa kwa mama yake, si nitakuwa nimemuumiza mara mbili? Jirani yangu ananishauri nimtunze tu, nisimzoeshe sana. Na je, akiondoka nitaruhusiwa kumwona?

Mwanzisha uzi

Mama, usifuate ushauri wa kutomzoesha. Ndio ule ule waliopewa watumishi wa makao ya London, na umeona ulikofika. Mtoto aliyewahi kushikamana na mtu mmoja kwa dhati ana msingi wa kushikamana na mwingine. Asiyewahi kabisa ndiye anayepata shida zaidi. Ataumia akiondoka, na wewe pia utaumia, lakini maumivu hayo yanaweza kupunguzwa kwa namna uhamisho unavyofanywa.

Kabla hajaja kwako, omba uende mara kadhaa mahali alipo, umlishe, umwogeshe na umlaze pale pale alipozoea, ukimwona mlezi wake anavyofanya. Muulize mlezi huyo anavyopenda kubebwa na wimbo anaobembelezewa. Siku ya kuja, aje na nguo au blanketi lake bila kufuliwa, kwa kuwa harufu ndiyo anayoitambua zaidi katika nyumba ngeni. Wiki za mwanzo wageni wanaotaka kumbeba wasubiri. Alishwe na kubembelezwa na ninyi wawili peke yenu, mpaka aanze kuwatafuta ninyi anapoanguka. Asipolia anapoumia, mfariji kana kwamba amelia.

Akipangiwa kurudi kwa mama yake, utaratibu uwe huo huo kwa kurudi nyuma: mama aje kwako kwanza, mtoto amwone mkizungumza kwa amani, kisha ziara ndefu zaidi, kisha kulala huko usiku mmoja, ndipo ahame. Mwandalie picha zenu pamoja na maelezo ya mwaka aliokaa nanyi, lini alitembea, neno gani alilitamka kwanza, kwa sababu mambo hayo mama yake hakuyaona na mtoto hatayakumbuka.

Kuhusu kumwona baada ya kuondoka, hilo huamuliwa kwa kila mtoto, na mara nyingi husahaulika kwa sababu hakuna aliyelitaja mapema. Mweleze afisa ustawi wenu sasa, kabla hamjasaini, kwamba mnataka mawasiliano yaendelee endapo mama atakubali, na mwombe aliandike katika mpango wa malezi wa mtoto pamoja na jina la atakayelifuatilia. Na ukipewa nafasi ya kukutana na mama huyo mapema, kutana naye wewe mwenyewe, kwa kuwa ridhaa yake itategemea zaidi alivyokuona kuliko kilichoandikwa kwenye faili.